Mvule Niliowasingizia Watu wa Ng'ambo

Jumatatu, 20 Mei 1974

Nimerudi kutoka kwa daktari, Busia. Moyo umechoka. Amenikataza kubeba kitu chochote kizito na kubishana na mtu yeyote. La kwanza halinisumbui, maana sijabeba kitu tangu nistaafu ualimu. La pili nimemwambia tutaona.

Pasta naye kapita kunijulia hali. Akasema mtu wa miaka sabini na mitatu hutengeneza mambo yake mapema. Alisema kwa upole sana, akanywa chai vikombe vitatu. Basi nimenunua daftari hili. Nitaungama humu kwanza, halafu mbele ya mwenyewe niliyemkosea.

Haya. Mwaka 1952 niliuza mvule mkubwa uliosimama ukingoni mwa Mto Malaba, upande wetu wa Kenya, hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Nilimuuzia mpasua mbao mpita njia. Nikanunua baiskeli. Watu walipouliza mti umekwenda wapi, nikasema watu wa ng'ambo, wa Uganda, walivuka alfajiri na msumeno. Wakaniamini. Mimi ni mwalimu! Ukazuka ugomvi wa mto mzima. Ili amani irudi, mzee wa kijiji cha ng'ambo akatoa fahali wake, akachinjwa, tukala wote pamoja ukingoni.

Mzee huyo ni Etyang. Rafiki yangu. Kila Alhamisi, tangu siku ile ya fahali, huvuka mto tukacheza drafti.

Mimi nilikula paja. Lilikuwa nono.

Alhamisi nitamwambia. Asiponisamehe, nitakufa bila mtu wa kucheza naye. Lakini nitamwambia.

Alhamisi, 23 Mei

Nilikuwa tayari. Nilivaa tai. Etyang akavuka suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Kabla sijafungua kinywa, akafungua chake. Amesikia kwamba wataalamu wawili wa mambo ya mazingira wanatoka Nairobi. Watapita mtoni tarehe tano Juni, siku ambayo dunia imetenga kwa ajili ya mazingira. Wataangalia kingo zote mbili na kuandika ni nchi gani inatunza mto vizuri zaidi.

Akasema Uganda itashinda. Akasema Kenya inajua kupaka ofisi rangi tu. "Mwalimu, upande wenu hata mbuzi wanaona haya kulisha."

Kuniambia mimi! Mimi mwenye jedwali la mataifa ukutani! Nimelitengeneza kwa kusikiliza redio tangu ule mkutano wa mazingira wa Uswidi wa mwaka wa sabini na mbili. Uswidi 91 kwa mia. Japani 60, moshi mwingi. Kenya 78. Uganda 41. Kati ya nchi hizo nimefika mbili, na hiyo ya pili ni mpaka uani kwa Etyang tu. Lakini mwalimu mzuri hutambua mwandiko kwa mbali.

Ungamo limeahirishwa. Siwezi kumpigia magoti mtu anayeicheka nchi yangu. Kenya ishinde kwanza. Halafu nitaungama nikiwa juu.

Ijumaa, 24 Mei

Nimeshuka mtoni kuhesabu. Ng'ambo: mijohoro sitini na mitatu, imesimama mstari kama wanafunzi gwarideni. Kwetu: miti minne, mmoja umekufa. Pamoja na kisiki.

Kisiki! Cha mvule ule ule. Nilikuwa nimekisahau, au nilijisahaulisha. Kipana kama meza ya watu wanane, na kinaangalia Uganda bila aibu. Nikakifunika kwa udongo na nyasi. Nilitumia kikombe cha bati kwa sababu daktari amenikataza mzigo. Nilianza saa tatu asubuhi nikamaliza saa kumi jioni. Sasa kinaonekana kama kaburi la tembo, ila ni nadhifu.

Rosebella, mke wangu, akauliza kikombe chake kina tope la nini. Nikamwambia ni utafiti.

Jumamosi, 25 Mei

Kwa Bwana Misitu. Ana miche ya mikaratusi ya bure, nimechukua arobaini. Alinionya nisiipande karibu na maji kwa kuwa itaunywa mto wote. Nikamwambia ni ya kuzungushia kanisa. Akanisifu mbele ya karani wake. Nikaona raha sana.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya ibada nikawaomba akina mama wa kanisa waje wanipandie miche. Nikatoa hotuba fupi juu ya mataifa. Nikafika Japani, kumbe wanatazamana.

Wakakataa. Hapa kwetu mwanamke hapandi mti. Akipanda, watu husema amechoka na mumewe, anamtangulizia kaburi. Nilipigana na imani hiyo darasani miaka thelathini! Nikamwambia Rosebella mbele ya wote kwamba hayo ni mambo ya zamani.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Nipande leo. Na wewe na moyo wako huo ukafa Jumatano. Ndugu zako wakija kutoka kwenu Marachi na marungu yao, niwaambie ni mambo ya zamani?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Hoja ilikuwa na nguvu.

Jumanne, 28 Mei

Nimepata njia! Hadijah, mwenye duka pale Malaba stendi. Yeye na watu wake ni Waislamu, walikuja kwa biashara, na kwao mti ni mti tu. Isitoshe ana wapagazi wanne wanaoshinda wamekalia magunia.

Alikubali upesi mno. Nilipaswa kushtuka. Sharti lake: niache kuiandikia halmashauri barua kuhusu taka zilizo nyuma ya duka lake, makopo na magunia na maganda ya matoke ambayo mvua huyasukuma mtoni. Nimeandika barua kumi na moja. Ya tisa ilikuwa nzuri sana.

"Mzee Mwalimu," akasema, "kalamu yako ipumzike, mimi nikupandie msitu."

Nilijisikia vibaya njia nzima mpaka kwenye daraja la reli. Pale nikakumbuka kwamba mto unateremkia Uganda. Nikajisikia vizuri.

Alhamisi, 30 Mei

Imepandwa! Yote arobaini, mstari ulionyooka, ukingo mzima. Nilikaa kwenye kiti nikielekeza kwa bakora. Wapagazi waliniita bosi.

Etyang alikuja drafti, akaona, akaketi. Nilimfunga mara mbili. Alipokuwa akivuka kurudi aligeuka nyuma kutazama, mara tatu nilihesabu. Furaha ilinijaa hata nikasahau kabisa kuungama.

Ijumaa, 31 Mei

Balaa!

Omagor, jirani yangu, amekuja na ndugu zake watatu na fimbo nne. Ng'ombe wake hulisha ukingoni pale tangu enzi za baba yake. Na huku kwetu, kupanda mti mahali ni kutamka kwamba mahali pale ni pako. Kila mtoto anajua. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto! Mtu wa Marachi, mgeni aliyekaribishwa, kapanda miti arobaini kwenye ardhi ya Mwiteso, mwenyeji wa hapa. Nilifikiria mataifa yote ya dunia, sikumfikiria Omagor.

Akaniuliza: "Mwalimu, marehemu baba alikupa mahali pa kujenga ili utufundishe kusoma. Sasa umeamua kutufundisha kuhama?"

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya taifa, ili Kenya ilinganishwe na wengine isiaibike. Akauliza kama hilo taifa litampa ng'ombe wake majani. Ndugu yake mdogo, niliyemfundisha hesabu akapata sufuri, alikuwa akicheka waziwazi.

Wamekwenda kwa chifu. Baraza litaketi ukingoni siku ya Jumatano, tarehe tano. Siku ile ile!

Jumapili, 2 Juni

Omagor hakung'oa mche hata mmoja. Kung'oa mti wa mtu kabla ya kesi ni kosa, na yeye si mjinga. Amefanya jambo baya zaidi. Amepanda yake! Hamsini, katikati ya yangu na mbele ya yangu, kuonyesha kwamba pale ni pake. Ndugu zake nao wamepanda, kila mmoja akiogopa mwenzake atachukua zaidi.

Ng'ambo wametuona. Wameamua kwamba Kenya inataka kuuchukua mto. Etyang ametuma mtu Tororo kuleta mikaratusi kwa baiskeli. Nimeziona baiskeli sita zikipita, zimefunikwa majani kama harusi.

Jumatatu, 3 Juni

Kenya 187. Uganda 204. Saa tisa Kenya 221! Hadijah sasa anauza miche. Anauzia pande zote mbili. Nikamwambia huo si uzalendo. Akaniuliza kama niliwahi kuona sabuni inayouliza mtu ametoka nchi gani.

Hakuna hata mmoja anayefikiria mazingira. Wote wanafikiria mpaka. Lakini kutoka kibarazani kwangu naona kijani tupu, na ninakunywa uji nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Malaba. Rosebella anasema mashavu yangu yamepata damu. Daktari hajui kitu.

Jumatano, 5 Juni

Nieleze kwa utaratibu.

Baraza lilianza saa nne. Chifu, wazee sita, Omagor na ndugu zake, nusu ya soko. Etyang alivuka na wazee wawili wa kwake wasikilize kama mto utatajwa. Akaketi karibu nami. Alinipa nusu ya ndizi yake.

Omagor akasema maneno machache: ukingo ni wa baba yake. Mimi nikasema mengi. Mzee mmoja kipofu, ambaye nilidhani amelala, akainua mkono. Akasema ramani ya ardhi haijafika huku, lakini zamani palikuwa na mvule. Mwenye mvule ule ndiye mwenye ukingo. Je, mvule ulikuwa wa nani?

Nikaona njia wazi mbele yangu. Nikaona ukingo wote ni wangu, na miti yote iliyomo ni yangu, ya Omagor pia! Na wataalamu wako njiani! Nikasimama. Nikasema, kwa sauti ile ya gwaride:

"Mvule ulikuwa wangu! Nami ndiye niliyeukata! Niliuuza mimi mwenyewe mwaka 1952, na hakuna mtu aliyenizuia. Je, mtu huuza kisicho chake?"

Nikaketi. Nilikuwa nikitabasamu. Ndipo nikasikia nilichosema.

Karibu nami ndizi ilisimama njiani kwenda mdomoni.

Yule mzee kipofu hakuharakisha. Akauliza: "Mwalimu, mtu akikata mti wake, hukata mchana, akasimama kando yake watu wakimwona. Wewe ulisema waliukata watu wa ng'ambo. Kama ulikuwa wako, uongo ulikuwa wa nini?"

Nikaanza kunyoosha tai.

Hukumu: ukingo ni wa Omagor, na miti iliyo juu yake, yangu pamoja nayo. Omagor hakushangilia. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwalimu wake akiwa amelewa. Akasema, "Na fahali wa watu mkamla." Alisema polepole. Kisha akakumbuka kwamba baba yake naye alikula.

Etyang alisimama. Akaweka ndizi iliyobaki juu ya kiti, akakunja suruali, akavuka. Hakugeuka. Nilihesabu.

Wakati huo huo wataalamu wakatokea, mama mmoja mwenye miwani na kijana mrefu mwenye madaftari. Wakashangaa. Hawajawahi kuona miti mingi hivi mipya kwenye mto mmoja. Yule mama akauliza ni nchi gani iliyoanza kupanda, ili aandike. Jedwali langu, nililolibandua ukutani asubuhi, lilikuwa mfukoni, limekunjwa vizuri. Siku niliyoingoja! Sikuweza kulitoa.

Omagor ndiye aliyejibu. "Mama, hakuna nchi iliyopanda. Ni ugomvi tu umeota majani."

Nilirudi nyumbani nikishikiliwa mkono na Rosebella. Hakunisema. Angenisema ningepona haraka zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipanga vipande vya drafti kama kawaida, kwa sababu ni Alhamisi. Sikutarajia mtu. Saa tisa, hakuna. Saa kumi, hakuna. Nikamwambia Rosebella sasa naweza kufa, hapana kinachonizuia. Akasema nimalize kwanza viazi vyangu.

Saa kumi na nusu akaja! Viatu mkononi. Akaketi, akaanza kucheza bila salamu. Akanila vipande vinne. Nikamwambia, macho chini, kwamba nilimkosea tangu 1952, kwamba kila Alhamisi nilitaka kusema, na kwamba jana sikuungama bali nilikuwa nataka kushinda kesi. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi kulitamka.

Etyang akaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini alikubali upesi kutoa fahali.

Kumbe! Wiki ile ile ya 1952 alikuwa amekodi msumeno Tororo. Alivuka na watu wawili kuja kuukata mvule. Wakakuta kisiki, unga wa mbao ukiwa bado mbichi. Wakarudi mbio. Tulipowasingizia, aliona Mungu amemfuma akiwa na msumeno chini ya kitanda. Akatoa fahali kwa hofu tupu. Miaka yote hii ameona haya kunitazama, akidhani mimi ni mtu safi niliyeibiwa. Ndiyo maana alianza kuja kucheza drafti.

"Mwalimu, nilikulipa kwa mti ulioniibia kabla sijauiba."

Tukacheka mpaka Rosebella akatoka jikoni mbio akidhani ni moyo. Etyang alijifuta machozi kwa kofia. Nami pia, kwa tai.

Nimesamehewa. Nimesamehe. Kenya na Uganda ni sawasawa, msumeno kwa msumeno. Naandika haya nikiwa na amani ambayo sijaijua tangu ujana. Sina tena neno la kuongeza katika daftari hili.

Jumatano, 19 Juni

Neno moja la kuongeza.

Jana chifu alitusomea barua ya wataalamu. Mikaratusi ni mti mlafi wa maji na haifai ukingoni. Kingo zote mbili zimefanya kosa moja. Taka za upande mmoja zinaonekana hadi upande wa pili. (Hadijah alinitazama. Nikatazama dari.) Tunashauriwa kuing'oa polepole na kupanda miti ya asili, hasa mvule. Watarudi mwakani, mwezi huu huu, kuona. Hawakutaja mshindi. Ukurasa mzima, na hakuna mshindi! Watu hawa hawajawahi kusahihisha mtihani.

Etyang na mimi tumekubaliana mbele ya Omagor: tutapanda mivule pamoja, kingo zote mbili, idadi sawa, na hakuna mtu atakayehesabu. Omagor amekubali ardhi yake itumike mradi tu fimbo ya kuelekezea asiishike Mwalimu. Tukashikana mikono. Etyang ana mkono wa joto, mkono wa rafiki wa kweli. Nilikaribia kulia.

Asubuhi hii nimekwenda polepole kwa Bwana Misitu. Ana miche thelathini tu ya mivule. Akauliza kama agawe kumi na tano huku na kumi na tano kule, kama alivyosikia tumepatana. Ni kijana mwema, anataka haki.

Nikamwambia ilete yote thelathini kwetu. Akauliza kwa nini. Nikafikiri kidogo, si sana.

Nikamwambia watu wa ng'ambo wangeikata tu.

Nimeacha kurasa mbili zinazofuata wazi kwa ajili ya ungamo.